Dhahabu Isiyopungua

Msomaji, ukiutaja mji wa Kakamega mbele ya wazee, huenda wakakukumbusha habari ya dhahabu. Mwaka 1931 madini hayo yaligunduliwa katika Kavirondo ya Kaskazini, kama nchi hiyo ilivyoitwa zama za ukoloni, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika huko. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi yao itakuwa yao daima, na kwamba sehemu ikitwaliwa watapewa nyingine badala yake. Mwaka 1932 sheria hiyo ilibadilishwa, ili ardhi ipate kutwaliwa kwa uchimbaji pasipo kutolewa nyingine. Ahadi ya daima haikudumu miaka mitatu. Kisa hiki chatufunza kwamba mali ya wote ni dhaifu, ikiwa sharti linaloilinda laweza kufutwa na wale wale wanaoitamani.

Dhahabu ikigawanywa hupungua. Elimu ikigawanywa huongezeka. Walakini elimu nayo yaweza kufungiwa, na historia ya kompyuta ni shahidi wa jambo hilo.

Programu ya kompyuta ni maagizo ambayo mtu huyaandika ili mashine iyafuate. Awezaye kuyasoma maagizo hayo aweza pia kuyasahihisha. Asiyeruhusiwa kuyasoma ni kama mtu anunuaye chakula kila siku pasipo kuambiwa kilivyopikwa: atashiba, lakini hatajua kupika.

Tarehe 5 Machi 1975, wapenzi wa kompyuta walikutana katika gereji ya nyumba moja huko Menlo Park, California, nchini Marekani, wakaanzisha chama cha Homebrew Computer Club. Steve Wozniak, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alikuwa miongoni mwao. Desturi yao ilikuwa kuonyeshana mashine, kuulizana maswali na kupeana programu. Mwaka 1976 kijana Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi, akilalamika kwamba wengi wao walitumia programu ya kampuni yake bila kuilipia. Tusimcheke. Swali lake lilikuwa la haki: ni nani atakayefanya kazi ya ustadi bila ujira?

Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza nia ya kuandika mfumo mzima wa programu huria, na mwaka 1989 akatoa leseni yenye sharti la ajabu. Kila mtu aliruhusiwa kuitumia programu, kuisoma, kuibadili na kuigawa. Lakini mwenye kuigawa alilazimika kumpa mpokeaji haki zile zile alizopewa yeye. Leseni haikukataza kuuza, ilikataza kufungia. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Ufini, alianza kutoa Linux, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo. Ndipo vyama vya watumiaji wa Linux vikachipuka katika miji mingi ya dunia. Mkutano wao hauna makuu: mmoja hueleza analolijua, wengine humwuliza, na mwenye mashine iliyokwama husaidiwa. Ujira nao ulipatikana, kwa maana watu hulipwa kwa kufundisha, kutengeneza na kuendeleza programu hizo.

Usidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Kusini ya Eldoret, safari isiyo ndefu kutoka Kakamega, kuna kituo cha afya cha Mosoriot. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na wenzake wa Indiana, Marekani, walianza kutunza humo kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Wakati huo UKIMWI ulikuwa ukiangamiza jamaa nyingi. Mgonjwa alihitaji dawa maisha yake yote, na mganga asiyeijua habari ya jana angeweza kukosea tiba ya leo. Wagonjwa walipozidi, mfumo wa kwanza ulielemewa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Indiana walifika Eldoret kuutafutia dawa. Mwaka huo huo, katika mkutano wa wataalamu huko San Francisco, walionana na Hamish Fraser, aliyekuwa akishughulikia kazi ya namna hiyo kwa wagonjwa wa nchi nyingine. Wangaliweza kushindana, walichagua kujenga pamoja. Hivyo ilizaliwa OpenMRS, programu huria iliyoanza kazi Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ikafika Rwinkwavu nchini Rwanda. Penye wengi hapaharibiki neno.

Lugha yetu pia ilionja matunda hayo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maelezo ya Kiswahili. Watafsiri hawakuhitaji kusubiri kampuni ya mbali iamue kama Kiswahili kina faida. Leseni ilikwisha kuwapa ruhusa.

Sasa, msomaji, tazama mji wako. Kakamega ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007, na ina shule zenye vijana wa akili. Chama cha programu huria hakitaki jumba. Chataka chumba, mashine moja, mtu anayejua kidogo na mwingine asiyeona haya kuuliza. Wazee wa mwaka 1932 hawakuulizwa ardhi yao ilipochimbwa. Wewe waweza kuusoma mkataba wa kila programu uitumiayo, na kuuliza: je, nimepewa ufunguo, au nimepewa mlango uliofungwa?