Mwani wa Unguja: muulize anayeingia majini

Tukisema "usalama kazini", wengi tunawaza kiwanda na kofia ngumu. Lakini Unguja kuna eneo la kazi lisilo na ukuta wala lango: pwani ya Paje na Jambiani, maji yakipwa.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Walioingia kwa wingi ni wanawake, na wengi wakapata pesa yao wenyewe. Ila mwili nao ulilipa: saa nyingi umeinama majini, jua kali, chumvi machoni, kisha unabeba mwani mbichi hadi nchi kavu. Utafiti uliochapishwa 2012 ulipowauliza wakulima wa Unguja, walitaja uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, matatizo ya macho, na majeraha ya magamba makali na viumbe wa hatari.

Wakati huohuo maji ya pwani yalizidi joto, na cottonii, aina yenye bei nzuri, ikawa inakufa. Watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya, wakajaribu pamoja na wakulima nyavu za mrija kwenye maji ya kina. Kitaalamu, wazo zuri. Lakini kina kinataka boti, na akina mama wengi hawakuwa nayo wala hawakujua kuogelea. Hapo kuogelea kukawa suala la usalama kazini!

Hilo huwezi kuliona ukiwa maabara, Mji Mkongwe. Kwa hiyo kabla ya kubuni kifaa, muulize anayeingia majini.