Jiwe Moja, Majina Mawili

Kilomita nane hivi kaskazini ya Tanga mjini, maji yamekula jiwe la chokaa kwa karne zisizohesabika mpaka yakaacha Mapango ya Amboni. Chokaa hiyo ilitandazwa chini ya bahari ya kale, katika Jurasiki ya Kati, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Ukivuka mpaka pale Horohoro, ukapita Lunga Lunga na kwenda hadi bara ya Mombasa na Kilifi, utakutana tena na chokaa ya bahari hiyo hiyo. Tofauti ni jina: upande wa Tanga inaitwa Amboni, lakini vitabu vya huko vinaiita Kambe.

Kilicholipatia jiwe majina mawili si mwamba wenyewe, ni mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana pwani kwa mstari ulioanzia mlango wa mto Umba ukielekea Ziwa Jipe. Wadigo, wenyeji wa pwani hiyo, walijikuta pande zote mbili. Na miamba vilevile. Kusini, mwanajiolojia Wilhelm Bornhardt aliandika jiolojia ya koloni la Wajerumani kwa lugha yao, kitabu kikatoka 1900. Waingereza walipoichukua Tanganyika wakaanzisha idara ya jiolojia mwaka 1925. Kenya ilikuwa na wapimaji wake, na mwaka 1953 ikachapishwa ripoti ya mwanajiolojia Caswell kuhusu eneo la Mombasa na Kwale.

Mawe ya mchanga nayo yalipatwa na hayo hayo. Tanga yanahesabiwa kuwa Karoo, jina la nyanda kavu za Afrika Kusini. Kenya ni Duruma, na ndani yake kuna Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Nakiri kwamba mimi naipendelea orodha ya Kenya: ukiisoma ni kama unahesabu vituo vya reli kuelekea Mombasa.

Zama za karatasi majina haya mawili mawili hayakuwa na madhara makubwa, maana mtaalamu alijua kwamba Kambe na Amboni ni ndugu. Kompyuta haijui undugu. Kwake hayo ni maneno mawili tu, na ramani zikiunganishwa chokaa inakatika ghafla mpakani.

Mwaka 2007, huko Brighton, taasisi za jiolojia za nchi nyingi zilianzisha OneGeology ili kila nchi iweke mtandaoni ramani yake kwa kipimo cha moja kwa milioni. Hapo ikahitajika lugha ya pamoja, GeoSciML, iliyokuwa imeanza kutungwa 2003. Toleo lake la 4.1 lilichapishwa rasmi kama kiwango cha kimataifa mwaka 2017. Uzuri wake ni kwamba haifuti jina la kwenu. Amboni inabaki Amboni, lakini pembeni yake panaandikwa aina ya mwamba na umri, kwa maneno ya orodha iliyokubaliwa, na kila neno lina anwani yake ya kudumu kwenye intaneti. Kompyuta husoma anwani, si tahajia.

Hata hivyo, anwani haiamui undugu. Ni lazima mtu akae na ripoti ya 1953 mkono mmoja na karatasi za Tanga mkono wa pili, alinganishe visukuku tabaka kwa tabaka, kisha aseme ni wapi hasa Kambe inaishia na Amboni inaanzia, au kama kweli kuna mahali kama hapo.