Neno la Siri na Wezi Wake

Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa kompyuta ulioitwa CTSS. Kompyuta ya siku hizo ilijaza chumba, na watu wengi walilazimika kuitumia kwa pamoja. Ili kila mmoja awe na mafaili yake na muda wake, akapewa neno la siri.

Wizi haukuchelewa. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alikuwa amepangiwa saa nne za kompyuta kwa wiki, na hazikumtosha. Akagundua kwamba mtu akiwasilisha kadi iliyotobolewa, mashine ingemchapia faili lolote aliloomba. Akaomba faili la maneno ya siri, Ijumaa usiku. Kesho yake akaenda kulichukua. Ilipita takriban robo karne kabla hajakiri.

Mwaka 1966 hata mwizi hakuhitajika. Mafaili mawili yalichanganyika ndani ya CTSS, na kila aliyeingia kwenye mfumo akapokewa na orodha ya maneno ya siri ya watumiaji wote mahali pa tangazo la siku.

Wataalamu walijifunza. Kufikia miaka ya 1970, mfumo wa Unix wa maabara za Bell uliacha kuhifadhi neno lenyewe. Ulihifadhi umbo lake lililovurugwa kihesabu, lisiloweza kurudishwa kirahisi. Lakini Robert Morris na Ken Thompson walipochunguza maneno ya siri 3,289, mwaka 1979 waliandika kwamba asilimia 86 yalikuwa mepesi kukisiwa: mafupi mno, au yaliyomo kwenye kamusi na orodha za majina. Mashine ilikuwa imeimarika. Mwenye neno alibaki vilevile.

Matapeli wakamgeukia yeye. Katikati ya miaka ya 1990, wateja wa kampuni ya AOL, iliyouza huduma ya intaneti Marekani, walianza kupokea ujumbe kutoka kwa watu waliojifanya wafanyakazi wa kampuni: akaunti yako ina tatizo, tutumie neno lako la siri tulihakiki. Programu iliyoitwa AOHell iliifanya kazi hiyo iwe nyepesi hata kwa vijana. AOL ikalazimika kuwakumbusha wateja kwamba hakuna mfanyakazi wake atakayewauliza neno la siri.

Afrika Mashariki ilikutana na mbinu hiyo kupitia simu ya mkononi. M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilizinduliwa Kenya Machi 2007, ikafuata Tanzania mwaka 2008, na tarakimu nne zikawa ufunguo wa akiba ya mama ntilie, bodaboda na mkulima. Tapeli hupiga akijiita mhudumu wa wateja. Anamtaja mtu kwa jina, anasema laini yake inakaribia kufungwa, kisha anamharakisha: nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, namba ya siri. Akishapata hayo anaweza kuihamishia laini kwenye kadi nyingine, na mwenyewe hugundua pale simu inapokosa mtandao ghafla.

Serikali hazikukaa kimya. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya ikapitisha yake mwaka 2018, na Tanzania ikasajili laini kwa alama za vidole. Hata hivyo sheria humfikia mwizi baada ya fedha kuondoka.

Kwa hiyo akipiga anayeuliza namba ya siri, kata simu, hata kama anajua jina lako lote. Tanzania, ripoti namba yake kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Mteja wa Safaricom nchini Kenya aripoti kupitia 333. Kisha waeleze wazazi nyumbani. Mhudumu halali hana kazi yoyote inayohitaji namba yako ya siri.