Komedi Zinazorudi: Historia ya Kufufua Vichekesho vya Televisheni

Komedi ya televisheni ya Marekani, ile ya nusu saa yenye sebule moja, wahusika walewale na vicheko vya watazamaji, haikuundwa iwe na mwisho. Kila wiki tatizo lilizuka, likatatuliwa, na watu wakarudi pale walipoanzia. Umbo hilo lilitoka redioni, likapata sura yake ya kudumu mwaka 1951, I Love Lucy ilipoanza kuonyeshwa na CBS. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz hawakutaka kuhama Hollywood kwenda New York, ambako vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja. Wakaamua kurekodi kwa filamu ya milimita 35, kamera tatu zikifanya kazi kwa pamoja mbele ya watazamaji waliokaa studioni. Faida ya uamuzi huo ilikuja kuonekana baadaye: kila sehemu ilibaki kwenye filamu safi iliyoweza kuonyeshwa tena miaka nenda miaka rudi.

Hapo ndipo ilipokua biashara ya marudio. Vituo vya mikoani vilinunua haki za komedi zilizokwisha vikazionyesha alasiri, siku tano kwa wiki, na kwa sababu hiyo watayarishaji walijitahidi kufikisha sehemu 100 hivi kabla ya kufunga kazi. Mtoto aliyezaliwa baada ya komedi kufutwa aliweza kuijua kuliko wazazi wake walioitazama ikiwa mpya. Kipindi kilichokwisha kwenye ratiba ya usiku kilikuwa bado kinaongeza watazamaji mchana, na wenye kituo walizisoma takwimu hizo kwa makini.

Mfano wa kwanza mkubwa ni Gilligan's Island. Komedi hiyo ya watu saba waliokwama kisiwani baada ya mashua yao kupigwa na dhoruba ilionyeshwa na CBS kuanzia 1964 hadi 1967, sehemu 98 kwa jumla. Ilifutwa ghafla, CBS ilipoamua kuirudisha tamthilia ya Gunsmoke kwenye ratiba, na waandishi hawakupata nafasi ya kuwaokoa wahusika wao. Kwa zaidi ya miaka kumi watoto wa Marekani waliitazama katika marudio wakijua kwamba hakuna sehemu ambayo watu hao wanafika nyumbani. Oktoba 1978 NBC ilionyesha filamu ya sehemu mbili, Rescue from Gilligan's Island, ikatazamwa na watu wengi mno. Tina Louise alikataa kurudi katika nafasi ya Ginger, mwigizaji mwingine akaichukua. Waliokwama waliokolewa, wakatawanyika, wakaona jinsi nchi ilivyobadilika, kisha wakakutana tena kwa safari ya kumbukumbu, na dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa kilekile. Mwisho huo ni wa kipuuzi, lakini una ukweli ndani yake. Filamu ilikiri waziwazi kwamba komedi haiwezi kuishi nje ya mahali pake.

Uingereza ilikuwa imepata jibu lililo bora zaidi miaka mitano kabla. The Likely Lads ya BBC, iliyoandikwa na Dick Clement na Ian La Frenais, ilisimulia maisha ya vijana wawili wafanyakazi wa kaskazini mashariki mwa nchi kati ya 1964 na 1966. Ilipokwisha, Bob alijiandikisha jeshini na rafiki yake Terry akamfuata. Bob akakataliwa kwa kuwa na nyayo bapa, Terry akabaki amefungwa na mkataba wa miaka. Mwaka 1973 wawili hao walirudi katika Whatever Happened to the Likely Lads?, safari hii kwa rangi. Waandishi hawakujifanya kwamba muda haukupita. Terry ametoka jeshini na kukuta baa na mitaa aliyoijua imebomolewa, huku Bob ana kazi ya ofisini, nyumba mpya na mchumba anayempanga. Pengo la miaka, ambalo wengine walilifunika, wao waliligeuza kuwa kisa chenyewe. Wengi huuona mfululizo huo wa pili kuwa bora kuliko wa kwanza, na ni vigumu kubishana nao, hasa ikikumbukwa kwamba BBC ilifuta kanda nyingi za ule wa kwanza ili zitumike tena.

Miaka ya 1980 somo hilo lilifuatwa na wachache. Leave It to Beaver, picha ya familia tulivu ya vitongojini ya 1957 hadi 1963, ilirudi mwaka 1983 kama filamu na baadaye kama mfululizo uliodumu hadi 1989. Hugh Beaumont, aliyeigiza baba, alikuwa amefariki 1982. Kwa hiyo mama alionyeshwa akiwa mjane, na Beaver, yule mtoto wa zamani, alirudi nyumbani akiwa ametalikiwa na ana wana wawili. The Brady Bunch ilijaribu mara nyingi, na jaribio la 1990, The Bradys, lilikuwa la ajabu kuliko yote: familia iliyokuwa ikigombania simu na bafu sasa ilikabiliwa na ulevi na ajali iliyompoozesha mmoja wa watoto. Lilifutwa baada ya majuma machache. Uingereza nako, Mind Your Language, komedi ya darasa la Kiingereza la wageni iliyotazamwa sana katika nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Uingereza, ilifutwa 1979 na kufufuliwa katikati ya miaka ya 1980 kwa sehemu 13. Wageni walikuwa bado darasani, wakifanya makosa yaleyale.

Wakati huohuo desturi nyingine ilikuwa inakomaa, nayo ndiyo iliyokuja kuwatatiza wafufuaji wa baadaye: mwisho mkubwa. The Mary Tyler Moore Show ilifungwa Machi 1977 kwa sehemu ambayo karibu chumba kizima cha habari kinaachishwa kazi. Tarehe 28 Februari 1983 M*A*S*H ilimaliza vita vyake vya Korea mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 100. Baada ya hapo kila komedi yenye jina ilitarajiwa kuaga kwa kishindo. Cheers iliaga Mei 1993, Seinfeld Mei 1998 mbele ya watu wapatao milioni 76, na Friends Mei 2004 mbele ya milioni 52. Wahusika waliolewa, walihama, walifunga milango na kuzima taa. Kadiri mwisho ulivyokuwa mzito, ndivyo ilivyokuwa vigumu kuurudia mlango huo. Waundaji wa Seinfeld, Jerry Seinfeld na Larry David, walitafuta ujanja: mwaka 2009, katika Curb Your Enthusiasm ya HBO, waliwakusanya waigizaji wa Seinfeld wakaigiza wakitayarisha kipindi cha kuungana tena, kipindi kilichokuwepo ndani ya hadithi tu. Waigizaji wa Friends nao waliporudi mwaka 2021 walikuja kwa majina yao halisi, wakakaa kwenye kochi la zamani na kukumbushana. Mwisho wa hadithi haukuguswa.

Wimbi lililofuata lililetwa na intaneti. Netflix ilihitaji majina yanayojulikana ili ivute wateja, na komedi ya zamani huja na matangazo yake tayari vichwani mwa watu. Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa Arrested Development, iliyofutwa na Fox mwaka 2006 na kurudishwa Mei 2013 kwa sehemu 15 zilizotolewa siku moja. Waigizaji wake walikuwa wamepata umaarufu na kazi nyingine, na kuwakutanisha wote siku moja ilikuwa shida. Kwa hiyo kila sehemu ilimfuata mwanafamilia mmoja. Tatizo la kalenda likageuka kuwa muundo wa hadithi, na muundo huo uliwachosha watazamaji wengi kwa sababu raha ya kipindi ilikuwa kuwaona wote chumba kimoja wakikatizana maneno. Mwaka 2018 sehemu hizo zilikatwa na kupangwa upya. Fuller House, iliyoanza Februari 2016, haikujaribu ujanja. Full House ya 1987 hadi 1995 ilikuwa ya baba mjane anayelea binti watatu akisaidiwa na wanaume wawili. Mpya ilikuwa ya binti yake mkubwa, mjane, anayelea wana watatu akisaidiwa na wanawake wawili. Nyumba ileile ya San Francisco, vichekesho vilevile. Wahakiki waliidharau, watazamaji wakaipa misimu mitano.

Vituo vya kawaida havikutaka kuachwa nyuma. Septemba 2016 waigizaji wanne wa Will & Grace walikutana kurekodi video fupi ya kuhimiza watu kupiga kura, na ilivyopokewa iliwashawishi NBC kukirudisha kipindi mwaka mmoja baadaye. Mwisho wake wa 2006 ulikuwa umewatenganisha Will na Grace kwa miaka mingi, ukawapa watoto, na kuwaozesha watoto hao. Hayo yote yalifutwa ndani ya dakika chache za sehemu ya kwanza: yalikuwa ndoto za rafiki yao Karen, aliyezoea kunywa na kuzubaa. Mwongozaji alikuwa James Burrows, yuleyule wa awali. Kifo tu ndicho hakikuweza kufutwa. Debbie Reynolds, aliyeigiza mama wa Grace, alikuwa amefariki Desemba 2016, na mhusika wake naye akaombolezwa ndani ya hadithi.

Roseanne ilikuwa na kazi ngumu zaidi, na historia yake ndiyo yenye mafunzo mengi. Kuanzia Oktoba 1988 hadi Mei 1997 ABC ilionyesha familia ya Conner ya mji wa kubuni wa Lanford, Illinois: mama anayefanya kazi kiwandani, kisha saluni, kisha kwenye mkahawa, na baba fundi anayetafuta vibarua vya ujenzi. Bili za umeme na rehani vilikuwa sehemu ya vichekesho, jambo lililokuwa adimu wakati huo. Msimu wa tisa uliharibu hesabu hiyo kwa kuipa familia ushindi wa bahati nasibu wa dola milioni 108. Kisha sehemu ya mwisho ikageuza meza: ushindi haukuwepo, baba, Dan, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa moyo, na msimu mzima ulikuwa maandishi ya mjane aliyetunga maisha ili avumilie msiba.

Machi 27, 2018, Dan alionekana kitandani, hai, uso wake umefunikwa na kifaa cha kusaidia kupumua usingizini, na mkewe akashtuka kwamba alimdhania amekufa. Utani huo mmoja ulitosha kuubatilisha mwisho wa 1997. Baadaye muswada wa kitabu ulipatikana gerejini, ishara kwamba kifo ndicho kilikuwa cha kutungwa. Ujasiri wa kweli ulikuwa kwingine. Familia ilikuwa imezeeka bila kutajirika, dawa zilikuwa ghali, na mama huyo na dada yake hawakuwa wakizungumza kwa sababu ya uchaguzi wa rais wa 2016. Binti mkubwa, Becky, aliyewahi kuigizwa kwa zamu na Lecy Goranson na Sarah Chalke, alirudi kwa Goranson, na Chalke akapewa nafasi ya mwanamke anayetaka Becky ambebee mimba. Watu zaidi ya milioni 18 walitazama usiku wa kwanza, idadi ambayo komedi hazikuwa zimeiona kwa miaka, na Rais Trump alimpigia simu nyota wa kipindi, Roseanne Barr, kumpongeza.

Haikuchukua miezi mitatu. Mei 29 Barr aliandika kwenye Twitter maneno ya kibaguzi kuhusu Valerie Jarrett, aliyekuwa mshauri wa Rais Obama, na ABC ikakifuta kipindi saa chache baadaye, baada ya sehemu tisa tu. Barr alikubali kuachia haki zake, na Oktoba 16 wenzake walirudi kwa jina la The Conners. Mama aliyeipa komedi jina alikuwa amekufa kwa kuzidisha dawa za maumivu, tatizo ambalo msimu uliofutwa ulikuwa umeshaligusia. Kipindi hicho kilichozaliwa kwa dharura kilidumu misimu saba, hadi Aprili 2025. Murphy Brown, iliyorudi mwaka huohuo wa 2018 ikitegemea hasira za kisiasa za siku zile, ilikwisha baada ya sehemu 13.

Tofauti hiyo si bahati tupu. Komedi iliyokubali kwamba watu wamezeeka na wengine wamezikwa ilipata la kusema. Iliyorudi kutoa maoni juu ya habari za wiki ilichakaa pamoja na habari hizo. Hata hivyo kukubali muda hakutoshi. Frasier ilirudi Oktoba 2023 kwenye Paramount+ ikiwa na nia nzuri: John Mahoney, aliyeigiza baba, alifariki 2018, na hadithi ikaanza baada ya msiba wake, Frasier akirudi Boston kuishi na mwanawe Freddy, mzima moto asiyependa makuu. Baba msomi na mwana wa kawaida: mgogoro wa zamani umepinduliwa. Lakini David Hyde Pierce alikataa kurudi kuwa Niles, nduguye Frasier, na nusu ya utamu wa ile ya kwanza, iliyodumu misimu 11 na sehemu 264, ilikuwa ndugu wawili wakishindana kwa majivuno. Ilifutwa Januari 2025 baada ya misimu miwili.

Komedi za katuni zingeweza kukwepa shida hizi, maana mhusika wa kuchora hazeeki. King of the Hill, iliyokuwa ya Fox, iliporudi Hulu Agosti 2025 haikutumia nafasi hiyo. Hank na mkewe Peggy wanarejea Texas baada ya miaka ya kazi ya gesi Saudi Arabia, na mwana wao Bobby, mtoto mnene aliyependa vichekesho, ana miaka 21 na ni mpishi wa mgahawa Dallas. Johnny Hardwick, sauti ya jirani yao Dale, alifariki 2023. Alikuwa amesharekodi baadhi ya sehemu, na zilizobaki zilikamilishwa na Toby Huss.