Chuo Kikuu cha Graben: mtoto wa Askofu Kataliko

Graben ni neno la Kijerumani. Wanajiolojia hulitumia kwa ardhi iliyodidimia kati ya nyufa mbili, na Butembo, mji wa mashariki mwa Kongo, inaufahamu mfano wake bila kufungua kitabu: upande wa mashariki, chini ya vilima, kuna bonde la ufa lenye Ziwa Edward na mto Semuliki. Jina hilo ndilo lililopewa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 na Askofu Emmanuel Kataliko wa jimbo la Butembo-Beni.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka 1971 serikali ya Rais Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa taasisi moja ya taifa, ikaja kuvitenganisha tena 1981. Kwa kijana wa Lubero au Beni, jirani na Butembo, mabadiliko hayo hayakupunguza hata kilomita moja. Aliyetaka digrii alilazimika kuvuka msitu hadi Kisangani au kwenda mbali zaidi, huku barabara zikizidi kuoza. Wengi waliomaliza sekondari waliishia hapo.

Kataliko, mzaliwa wa 1932, alisoma Roma. Alipofanywa askofu mwaka 1966 hakuridhika na kuhubiri tu: alijenga shule, hospitali na barabara pamoja na watu wake. Butembo nayo ilikuwa mji wa kujitegemea, wenye wafanyabiashara wa Kinande wanaouza kahawa na kufuata bidhaa hadi ng'ambo. Katika mji kama huo, kungoja Kinshasa ilete chuo kikuu kungekuwa kupoteza kizazi kizima. Leo chuo kinafundisha udaktari, sheria, uchumi, kilimo na tiba ya mifugo. Kwa nchi ya wakulima na wafugaji, fani hizo mbili za mwisho zina uzito wa pekee.

Mwaka 1997 Kataliko alihamishiwa mji wa Bukavu, kushika nafasi ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliyeuawa mwaka uliotangulia. Februari 2000 waasi wa RCD, waliokuwa wakiushikilia mji huo, walimzuia kurudi jimboni kwake kwa sababu ya maneno yake makali juu ya vita vya Kongo. Akapelekwa uhamishoni, na mahali penyewe pakawa Butembo, mji wenye chuo alichokianzisha. Alikaa miezi saba. Aliruhusiwa kurudi Bukavu mwezi wa Septemba. Tarehe 4 Oktoba akafariki Roma.

Miongoni mwa waliokiongoza chuo kama rekta yumo padri Apollinaire Malumalu, mzaliwa wa 1961, aliyesomea siasa Grenoble, Ufaransa. Yeye ndiye aliyesimamia uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 2006, ambao Wakongo walikuwa wameungojea zaidi ya miaka 40. Alifariki mwaka 2016.

Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni. Kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Kliniki ya chuo ilikuwa mstari wa mbele. Tarehe 19 Aprili 2019, chuo kikiwa katika mwaka wake wa 30, watu wenye silaha waliingia humo wakati wahudumu wakiwa kikaoni na kumuua Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kuwahudumia watu wa Butembo.