Vijana wa kodi wa Amani hawajaiga mtu

Leo ubuyu wa wasanii tunauweka pembeni kidogo, tuingie kwenye historia. Usikimbie, kuna chakula ndani.

Alhamisi usiku nilikuwa maskani na vijana wanne wa kodi, hapa hapa Amani, si mbali na uwanja. Kodi nnayosema ni ile inayoandikwa kwenye kompyuta, si ya nyumba, ingawa ya nyumba nayo inawanyima usingizi. Wana kampuni yao changa: chumba kimoja, feni moja, na mteja mmoja ambaye hajalipa tangu Ramadhani. Majina siyaweki, wameniomba.

Basi urojo ukafika kwenye vikopo, na yule mkubwa wao akasema, "Haya maisha yetu ya kuiga tu. Wenzetu wa California wanakula pitsa usiku, wanasoma vitabu vya kufurahisha, wanapiga soga mtandaoni. Sisi tumebeba hivo hivo, tumebadilisha chakula tu." Wote wakacheka. Mimi sikucheka, nikarudi nyumbani na hasira zangu nikaanza kuchimba.

Anza na hicho kikopo. Rojo la unga na manjano, ukali wa embe au ukwaju, ndani yake viazi, bajia, kachori, mishkaki, yai, chatne ya nazi, pilipili, juu yake chipsi za muhogo. Bajia na kachori zimevuka bahari na Wahindi. Muhogo asili yake Amerika ya Kusini. Nazi ndo iliyozoeleka kwetu pwani. Kuna mtu alivitia vyote kwenye bakuli moja. Nani? Beit al-Ajaib kila mtu atakwambia ilijengwa na Sultani Barghash, mwaka 1883. Aliyebuni urojo hana hata kibao. Na ukiuangalia vizuri, ni chakula cha mtu mwenye dakika tano: humsubiri mpishi, huhitaji kisu, unakula umesimama, unarudi kazini.

Hata ile pitsa ya Forodhani haijatoka Italia. Unga unatandazwa mwembamba, unatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, unakunjwa, unachomwa juu ya chuma. Nenda Yemen utakuta ndugu yake anaitwa mutabbaq, nenda Mombasa utakuta mkate wa mayai. Aliyempa jina la pitsa ili watalii wasiogope alikuwa na akili ya biashara kuliko kampuni zetu zote changa.

Upande wa vitabu ndo sina mjadala. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, 1918, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Mkulima, alitupa mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake mdomoni kama Sherlock Holmes. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, ikachapwa 1960. Vikafuata vingine, na mwaka 1974 kikatoka kimoja kinaitwa Siri ya Sifuri. Sasa niambie, kuna jina zuri zaidi la kitabu kwa mtu anayeshinda na sifuri na moja? Kikumbuke hicho, tutakirudia.

Tuje kwenye soga. Baraza unalijua: kile kibao cha mawe kwenye ukuta wa nyumba, kahawa chungu, kashata, bao, dhumna. Ukitaka kuliona linafanya kazi nenda Jaws Corner pale Mji Mkongwe. Kuna simu kuukuu imetundikwa, na maandishi kwamba unapiga nje ya nchi bure. Haijaunganishwa na kitu. Wazee wetu walikuwa na mzaha wa mtandaoni kabla ya mtandao. Na baraza lina kila kitu ambacho grupu lina: kuna mjuaji, kuna mchokozi, kuna anayesoma kila kitu na hasemi neno.

Wengi wanadhani habari za teknolojia Unguja zimeanza 2022, serikali ilipozindua ule mpango wa Silicon Zanzibar. Mimi naanza 2009. Mwaka ule ulikuwa wa ajabu. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na kuanza kazi, intaneti ya kasi ikaanza kuwa kitu cha kuota. Bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya baada ya matengenezo. Halafu tarehe 10 Disemba, umeme ukakatika Unguja nzima. Ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu! Hitilafu ilikuwa kwenye njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara, na mwaka mmoja nyuma, 2008, tulishakaa mwezi mzima hivo hivo.

Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka ndoo za maji, harufu ya petroli, na mama akilipa ili simu yake ichajiwe. Lakini yule mkubwa wa maskani, yule yule wa "tumeiga", alikuwa shule ya sekondari na ana kiu ya kompyuta. Kulikuwa na kibanda cha intaneti chenye jenereta. Hela yake ilitosha nusu saa kwa wiki. Kwa hiyo usiku anawasha kibatari, anaandika kodi kwenye daftari la mistari, anaipitia kwa kidole mstari kwa mstari kutafuta kosa, kwa sababu kosa likionekana kule kibandani nusu saa imekwenda. Wenzake walikuwa wakisubiri zamu nje, barazani, wanakaguliana madaftari. Mwenye kibanda, ambaye naye jina hatulijui tena, akawa anawaacha wazidishe dakika mbili tatu akiona mtu amekaribia kufika.

Hayo aliniambia mwenyewe zamani. Nilipomkumbusha akanyamaza, akala chipsi ya muhogo.

Ila tusidanganyane, baraza lilikuwa la wanaume. Mwanamke anapita, anatoa salamu, anakwenda zake. Bi Mkubwa anayekaanga bajia yuko hatua moja tu kutoka hapo, anasikia kila kitu, haulizwi kitu.

Grupu la hawa vijana lina watu kama thelathini, na kampuni yao ina mtu wa tano ambaye Alhamisi hakuwepo. Aliingia miaka mitatu iliyopita kwa jina la Sifuri. Hana picha. Anajibu maswali magumu saa nane za usiku. Ndiye aliyegundua kwa nini malipo kwenye programu yao yalikuwa yanakatwa mara mbili, kosa ambalo lingewamaliza. Miezi yote hiyo wakimwita kaka. "Kaka Sifuri, hebu tazama na hii." Siku moja akachoka kuandika maelezo marefu, akatuma sauti. Sauti ya kike, tena ya binti mdogo.

Grupu likawa kimya siku mbili. Wawili wakatoka. Mmoja akaandika maneno ambayo siyaweki hapa. Siku ya tatu huyu mkubwa akaandika, "Dada, ile hitilafu ya jana imerudi." Basi, kazi ikaendelea. Nyumbani kwao hatoki baada ya Isha, na baraza la ukuta hajakaa hata siku moja. Hilo la kwenye simu ndo la kwake la kwanza. Siku hizi wakisubiri mitambo imalize kazi yake usiku, anawasomea kitabu kwa sauti, ukurasa mmoja mmoja, nakala ya babu yake isiyo na jalada. Kitabu gani, ushajua.

Hapo ndipo nilipomwambia mkubwa, hilo California hukulichukua. Hakujibu, maana mdogo wake Sifuri alikuwa ameshafika na bakuli, na Bi Mkubwa akawa anauliza kama dada yake anataka pilipili nyingi. Anataka.

Haya, nyinyi wa Town na wa shamba: nani ana bibi aliyeuza urojo zamani, kabla ya 1980? Alikaa mtaa gani, na aliuitaje? Tiririkeni hapo chini.