Makala yenye haijatoka: nani anaweza kuiona mbele ya wakati?

Redio nyingi za huku mashariki, kutoka Bunia mpaka Uvira, leo ziko na ukurasa wa intaneti pembeni ya masafa. Parokia, koperative za wakulima na mashirika ya wamama nayo pia. Maandishi ya kurasa hizi hayaandikwi palepale wasomaji wanaona. Yanaandikwa nyuma, ndani ya programu yenye kufunguka kwa jina na neno la siri. Yenye kujulikana zaidi ni WordPress, ilitoka mwaka 2003. Kuko pia Drupal, na SPIP yenye ilizaliwa Ufaransa mwaka 2001. Zote zinamuruhusu muandishi aangalie makala namna itaonekana, mbele mutu wa inje aione. Mu Kifaransa kitufe hicho kinaitwa « Aperçu » ao « Prévisualiser ».

Juu ya nini si vizuri kutoa kwanza na kusahihisha kisha?

Kuko wenye wanabonyeza « Publier », wanafungua telefone kuangalia, kisha wanarudi kusahihisha. Wanasema ni dakika mbili tu. Lakini mu dakika hizo mbili, ukurasa unaweza kuwa umekwisha kutuma makala kwa barua pepe ya wale walijiandikisha. Mutu anapiga picha ya skrini, anaitia mu kundi la WhatsApp. Mashine za kutafuta habari zinaweza kubakiza kopi. Ukifuta makala kwako, kopi zile hazifutiki.

Kwetu, hayo si mambo ya urembo wa ukurasa. Kama jina la mama aliyebakwa, ao la kijana aliyeshuhudia uporaji, lilisahauliwa mu fungu la tatu, dakika mbili zinatosha kumuletea hatari mpaka mulangoni. Tena, tangu tarehe 13 Machi 2023, Kongo iko na sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, yenye kuazibu kueneza habari za uongo kwa njia ya intaneti. Makala ikiisha kutoka, ni vigumu kueleza kama ilikuwa bado ya kusahihishwa.

Makala inapita njia gani?

Mu WordPress, makala inaanza kama « Brouillon ». Muandishi akimaliza, anaiweka mu « En attente de relecture », maana yake inangojea mukubwa aisome. Kisha inatolewa, ao inapangiwa saa ya kutoka.

Watu nao hawana nguvu moja. Mwenye cheo cha « Contributeur » anaandika na kupeleka, lakini hawezi kutoa makala yeye mwenyewe. « Auteur » anaweza kutoa makala zake. « Éditeur » anasoma, anasahihisha na kutoa za wote. Kwa redio yenye iko na waandishi wapya ao wa kujitolea, cheo cha kwanza kinatosha: mutu akikosea kitufe, makala haitoki.

SPIP inafanya vilevile kwa majina mengine. Makala iko kwanza « en cours de rédaction », kisha « proposé à l'évaluation ». Wenzako wa redaksio wanaisoma ndani na wanaweza kuandika maoni yao palepale, bila wasomaji wa inje kuona kitu.

Milango tatu ya kuchunga

Mulango wa kwanza ni linki. Linki ya kawaida ya « Aperçu », ukiitumia mutu asiyeingia kwa neno la siri, haimufungulii makala. Njo maana wengine wanampa mwenzao neno lao la siri ili asome. Hiyo ni mbaya: anapata makala zote, na nguvu ya kuzibadilisha. Kwa WordPress kuko programu ndogo ya kuongeza, jina Public Post Preview, yenye kutengeneza linki ya kusoma makala moja tu. Kama hakuna aliyebadilisha mupango wake, linki hiyo inakufa kisha saa 48. Lakini inapokuwa hai, kila mwenye kuipata anafungua. Usiitie mu kundi. Umutumie mutu mumoja.

Mulango wa pili ni picha. Wengi hawaujui. Picha ukiipandisha mu WordPress, inapata anwani yake yenyewe, na kwa kawaida anwani hiyo iko wazi hata kama makala ingali « Brouillon ». Mutu mwenye anwani ataona picha bila neno la siri. Kwa hiyo sura ya shahidi ifichwe kwenye ordinatere mbele ya kuipandisha, si kisha. Jina la faili nalo lisiwe jina la mutu.

Mulango wa tatu ni kichwa cha habari. WordPress inaruhusu kufunga makala iliyotoka kwa neno la siri. Maandishi yanafichwa, lakini kichwa kinaonekana kwa wote. Kama siri yenyewe iko mu kichwa, umefunga nyumba na kuacha dirisha. Chaguo la « Privé » linaficha vyote viwili kwa wasomaji wa inje: wanaobaki kuona ni wakubwa wa ukurasa na ma-éditeur.

Wakati wa kuangalia, tazama nini?

Fungua « Aperçu » kwa upana wa telefone, sababu wasomaji wengi wanasoma humo. Soma majina yote, ya watu na ya vijiji. Angalia maneno chini ya picha, tarehe na hesabu. Kama makala ilikwisha kutoka na unaibadilisha, wasomaji wanaendelea kuona ile ya zamani mpaka ubonyeze kitufe cha kuhifadhi mabadiliko. Uko na nafasi ya kuangalia tena bila haraka.

Na wewe mwenye kutoa ushuhuda?

Uko na haki ya kuuliza. Maneno yangu yataandikwa wapi? Nani atayasoma mbele yatoke? Jina langu litakuwa ndani hata mu maandishi ya kwanza? Redaksio yenye kufanya kazi vizuri itakujibu. Njia ya usalama zaidi ni kuandika jina la kubadilisha tangu mustari wa kwanza, na kuchunga jina la kweli mu daftari, mbali na programu. Jina lisiloingia ndani haliwezi kutoka kwa kukosea kitufe.